Kompyuta Mpya Inachelewa Kuwaka: Tafuta Sekunde Zinapopotelea

Wasomaji wengi mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Nimenunua vipuri vipya, nimeiunganisha kompyuta mwenyewe nyumbani, inafanya kazi vizuri, lakini nikibonyeza kitufe cha kuwashia nasubiri mpaka nachoka. Ninunue nini?"

Jibu langu ni kwamba usinunue kitu bado. Kompyuta mpya ya mezani ikichelewa kuwaka, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna mpangilio ulioachwa vibaya, kifaa kilichochomekwa kinachoifanya isubiri, au Windows iliyowekwa kwenye diski isiyofaa. Mambo hayo hurekebishwa bila kutoa hata shilingi, mradi ujue kwanza muda unapotea wapi.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya kompyuta yenye Windows 11, ingawa sehemu kubwa inafaa pia kwa Windows 10. Majina ya menyu nimeyaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini.

## Je, kweli inachelewa?

Kabla ya kutafuta ugonjwa, linganisha na hali ya kawaida:

- Windows ikiwa kwenye SSD ya NVMe: kutoka kubonyeza kitufe hadi kuombwa nywila, sekunde 20 hadi 40 ni kawaida.
- Windows ikiwa kwenye SSD ya SATA: ongeza sekunde chache tu.
- Windows ikiwa kwenye diski ya kuzunguka (HDD): dakika moja, mbili au zaidi si ajabu. Hapo tatizo ni diski yenyewe.
- Ubao (motherboard) mpya wenye RAM ya DDR5 unapowashwa mara ya kwanza: skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Ubao unapima namna ya kuwasiliana na RAM uliyoweka. Muda huongezeka RAM ikiwa na ujazo mkubwa, au ukiwa umejaza sloti zote nne.

Hilo la mwisho limewaponza wengi, hasa walionunua prosesa za Ryzen za soketi ya AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022. Mtu anaona skrini nyeusi, anadhani kompyuta imekufa, anakata umeme, na upimaji unaanza upya. Ukiwasha mara ya kwanza, ukibadilisha RAM au ukifuta mipangilio ya BIOS, iache robo saa nzima kabla ya kugusa chochote.

Kama umeshavuka siku hiyo ya kwanza na bado unasubiri dakika nzima kila asubuhi, endelea kusoma.

## Pima kabla ya kugusa

Kuwaka kwa kompyuta kuna hatua tatu, na kila hatua ina visababishi vyake:

1. Hatua ya kwanza: kutoka kubonyeza kitufe hadi vile vitone vya Windows vinavyozunguka vionekane. Hapa inayofanya kazi ni BIOS, Windows haijaanza.
2. Hatua ya pili: kutoka vitone hadi skrini ya nywila. Hapa Windows inapakiwa kutoka kwenye diski.
3. Hatua ya tatu: kutoka kuingiza nywila hadi uweze kufungua programu bila kukwama. Hapa zinaamka programu zako.

Chukua saa ya simu na karatasi, kisha fanya hivi:

- Zima kompyuta kikamilifu: shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Shut down.
- Iwashe, na uandike muda wa kila hatua.
- Rudia mara tatu, maana mara moja haitoshi kutoa hukumu.
- Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua ukurasa wa Startup apps. Juu upande wa kulia utaona "Last BIOS time". Hizo ndizo sekunde ambazo BIOS ilitumia kabla ya kuikabidhi Windows kazi. Sekunde 10 hadi 20 hazina shida. Ukiona 40 au 60, mkosaji yuko kwenye hatua ya kwanza.

Utasema, "Mimi naona tu kwamba inachelewa, vipimo vya nini?" Vipimo vitakuepusha kufuta programu zote wakati tatizo lipo kwenye BIOS, au kununua SSD nyingine wakati kinachochelewesha ni flashi iliyosahaulika nyuma ya kasha.

## Hatua ya kwanza ndiyo ndefu: tatizo liko kabla ya Windows

Fuata mpangilio huu. Nimeanza na mambo mepesi yasiyo na hatari. Baada ya kila badiliko, zima, washa, na upime upya.

1. Chomoa kila kisichohitajika. Bakiza kibodi, mausi na skrini. Ondoa flashi, diski za nje, kisoma kadi, printa na kigawanyaji cha USB. BIOS hukagua kila kifaa inachokikuta, na diski ya nje yenye hitilafu inaweza kuisimamisha kwa nusu dakika. Kasi ikirudi, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

2. Panga foleni ya kuwakia. Ingia BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mara tu unapowasha. Nenda sehemu ya Boot, na uweke "Windows Boot Manager" iwe ya kwanza. Kuwaka kupitia mtandao, ambako huandikwa PXE au Network Boot, kuzime. Nyumbani hukuhitaji, na kukiwa mbele ya diski yako kompyuta itapoteza muda ikitafuta seva ambayo haipo.

3. Kagua RAM ilipokaa. Kwenye ubao wenye sloti nne, vipande viwili vya RAM kwa kawaida huwekwa kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Thibitisha kwenye kitabu cha ubao wako. Sukuma kila kipande mpaka kibanio kilie.

4. Kwa wenye AM5 na DDR5: tafuta "Memory Context Restore". Mpangilio huu huhifadhi matokeo ya upimaji wa RAM ili ubao usipime upya kila unapowasha. Ukiwa umezimwa, kila asubuhi unalipa sekunde 30, 60 au zaidi. Uwashe, kisha tumia kompyuta siku kadhaa ukiichunguza. Ikianza kuganda au kuonyesha skrini ya bluu, uzime tena na usasishe BIOS kabla ya kujaribu upya. Usivumilie kompyuta isiyotulia kwa sababu ya sekunde chache.

5. Jaribu bila EXPO au XMP. Hii ndiyo mipangilio inayoipandisha RAM hadi kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Ukiizima na muda wa kuwaka ukapungua sana, huenda RAM haitulii kwenye kasi hiyo na ubao unajaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Sasisha BIOS, au shusha kasi ya RAM ngazi moja.

6. Zima CSM. Huu ni mpangilio wa kuihudumia mifumo ya zamani, na Windows 11 haiuhitaji. Lakini usiuzime kwa pupa. Kwanza, ndani ya Windows, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia na usome mstari wa "BIOS Mode". Ukisema UEFI, zima CSM bila wasiwasi. Ukisema Legacy, ukizima CSM Windows haitawaka. Itabidi uhifadhi nakala ya mafaili yako, kisha ubadilishe diski kutoka MBR kwenda GPT kwa zana ya mbr2gpt, au usakinishe Windows upya.

7. Washa Fast Boot ya BIOS. Hupunguza ukaguzi wa vifaa. Ukikuta pia chaguo la Ultra Fast, liache: linaweza kuifanya kibodi isifanye kazi mpaka Windows iwake, na hapo kurudi ndani ya BIOS kunakuwa taabu.

8. Chomoa diski za ziada. Zima kompyuta, toa waya wa umeme, kisha chomoa nyaya za SATA za diski zote isipokuwa yenye Windows. Diski inayokaribia kufa, au waya wa SATA uliolegea, huifanya BIOS isubiri jibu lisilokuja.

9. Soma taa za ubao. Ubao wa siku hizi mara nyingi una taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Tazama taa ipi inakaa muda mrefu wakati wa kuwaka. DRAM inakurudisha namba 3, 4 na 5. VGA inakuelekeza kwenye kadi ya michoro na waya wa skrini. BOOT inakupeleka kwenye diski.

### Onyo kuhusu kusasisha BIOS

Kwa kompyuta mpya, kusasisha BIOS mara nyingi ndiko kunakomaliza tatizo, kwa sababu watengenezaji wa ubao huendelea kuboresha upimaji wa RAM baada ya bidhaa kuingia sokoni. Lakini ni kazi ya kuheshimiwa:

- Pakua faili kutoka tovuti rasmi ya mtengenezaji wa ubao tu, na uhakikishe jina la ubao linalingana mpaka herufi ya mwisho, pamoja na namba ya toleo lake.
- Tumia flashi iliyoumbizwa kwa FAT32.
- Usifanye bila UPS mahali ambapo umeme hukatika. Umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kushindwa kuwaka kabisa.
- Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, hifadhi kwanza ufunguo wa kuokolea mahali pa nje, yaani kwenye karatasi au akaunti yako ya Microsoft. Baada ya kusasisha, Windows inaweza kuudai, na bila ufunguo huo mafaili hayafunguki.
- Ukimaliza, ingia BIOS upange upya kila kitu, kwani mipangilio yako huenda imefutika.

## Hatua ya pili ndiyo ndefu: Windows inasuasua

Hakikisha Windows iko wapi. Fungua Task Manager, kisha Performance, na utafute diski yenye (C:). Ikiwa imeandikwa HDD, umepata jibu. Kuna watu wenye SSD nzuri ndani ya kasha huku Windows ikiishi kwenye diski ya kuzunguka waliyoihamisha kutoka kompyuta ya zamani.

Tazama sehemu ya kuwakia. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Disk Management, na utafute "EFI System Partition". Ukisakinisha Windows huku diski zote zikiwa zimechomekwa, sehemu hii inaweza kuangukia kwenye diski nyingine, ile ya taratibu. Kwa kompyuta ambayo bado haina mambo mengi, dawa safi ni hii:

- hifadhi nakala ya mafaili;
- zima, chomoa diski nyingine zote;
- sakinisha Windows upya kwenye SSD peke yake;
- zima tena, rudisha diski nyingine.

Pima afya ya SSD. Anayenunua vipuri Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi anajua kwamba vipya na vilivyotumika vinaweza kuuzwa mtaa mmoja. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo SSD imetumika, data iliyoandikwa na hali ya afya. SSD "mpya" yenye maelfu ya saa si mpya. Irudishe dukani na risiti mapema.

Weka draiva za chipset kutoka tovuti ya mtengenezaji wa ubao, AMD au Intel. Epuka programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja.

Jaribu Fast startup kwa pande zote mbili. Iko Control Panel, Power Options, kisha "Choose what the power buttons do". Ikiwa imewashwa, Shut down haizimi kila kitu: sehemu ya Windows huhifadhiwa kwenye diski ili iamke haraka. Restart ndiyo huanza upya kabisa. Kwa wengi husaidia. Kwa wengine, hasa kukiwa na draiva mbovu, huchelewesha. Pima ikiwa imewashwa, pima ikiwa imezimwa, safari hii ukizima kompyuta bila kushikilia Shift, na ubaki na iliyo bora. Wenye Linux kwenye kompyuta hiyohiyo waizime, maana huiacha sehemu ya Windows ikiwa imefungwa.

Iulize Windows yenyewe. Fungua Event Viewer, kisha Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, na Operational. Tukio namba 100 linaandika muda wa kuwaka. Matukio ya 101 na kuendelea hutaja programu, draiva au huduma iliyochelewesha, kwa jina lake.

## Hatua ya tatu ndiyo ndefu: programu zimejazana mlangoni

Rudi Task Manager, ukurasa wa Startup apps. Kila programu iliyo "Enabled" inaamka pamoja nawe.

- Zima bila hofu: maduka ya michezo, programu za gumzo, za muziki, za mikutano, na visasishaji vya kila namna. Kuzima hapa hakufuti programu, itafunguka utakapoihitaji.
- Acha: kinga ya virusi, sauti, na hifadhi ya mtandaoni kama unaitegemea kwa nakala za kazi zako.
- Chunguza kwa makini: programu za kupanga taa za rangi na feni. Ukiwa na mbili au tatu za kampuni tofauti, hugombania vifaa vilevile. Baki na moja.

Mambo mengine mawili ya kuangalia:

- Kinga mbili za virusi hazilindi mara mbili. Zinakaguana na kukwamishana. Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows inawatosha watumiaji wengi wa nyumbani.
- Windows iliyofunguliwa kwa programu za wizi inaweza kuwa imebeba mgeni anayeamka kila unapowasha. Hapo usihangaike kurekebisha. Sakinisha upya kwa faili kutoka Microsoft.

Bado hujampata mkosaji? Andika msconfig, fungua Services, weka tiki kwenye "Hide all Microsoft services", zima zilizobaki, kisha anzisha upya. Kasi ikirudi, ziwashe nusu nusu mpaka mkosaji ajulikane. Usizime huduma za Microsoft kwa kubahatisha.

Kama umesakinisha Windows wiki hii, ipe pia siku mbili tatu. Mwanzoni hupakua masasisho na kuorodhesha mafaili, na kasi hutulia baadaye.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuweka tiki kwenye "Number of processors" ndani ya msconfig. Ushauri huu unazunguka kila mahali. Windows hutumia viini vyote vya prosesa yenyewe. Ukikosea namba, unaipunguzia nguvu.
- Kutumia visafishaji vya "registry". Havifupishi muda wa kuwaka, na vinaweza kuharibu mfumo.
- Kuongeza RAM ili iwake haraka. Kutoka GB 16 kwenda 32 husaidia kazi nzito, si kuwaka. Kwenye DDR5 upimaji unaweza hata kurefuka.
- Kuchanganya RAM za maboksi tofauti. Hata zikiwa na jina na kasi moja, haziahidi kuelewana.
- Kuiacha SSD ijae pomoni. Bakiza nafasi, angalau asilimia 15.
- Kubadilisha mambo matano kwa mpigo. Ikipona hutajua dawa ni ipi, na ikiharibika hutajua sumu ni ipi.

## Maswali mnayoweza kuwa nayo

"Kwa nini nisiilaze tu, badala ya kuizima?" Unaweza, na Sleep huamka kwa sekunde chache. Lakini umeme ukikatika ikiwa imelala, kazi ambayo hukuihifadhi inapotea. Hibernate ni salama zaidi kwa sababu huandika kila kitu kwenye diski.

"Saa inarudi nyuma kila ninapozima soketi ya ukutani." Badilisha betri ndogo ya ubao, aina ya CR2032 ya volti 3. Ikiisha, mipangilio ya BIOS nayo inaweza kupotea, na ubao ukapima RAM upya kila siku.

"Fundi anasema pawa saplai ndiyo mbaya." Muulize amepima nini. Pawa saplai dhaifu kwa kawaida huonekana kwa kompyuta kuzimika au kujiwasha upya ghafla, hasa ikifanya kazi nzito. Kompyuta inayochelewa kwa muda uleule kila siku, kisha ikafanya kazi vizuri, haina dalili hizo.

"Nisakinishe tu Windows upya yaishe?" Ikiwa muda unapotea kwenye hatua ya kwanza, hata ukisakinisha mara kumi hautabadilika.

## Lini uirudishe dukani

Acha kujaribu, na utumie waranti, ukiona mojawapo ya haya:

- CrystalDiskInfo inaandika "Caution" au "Bad" kwenye diski mpya;
- diski ya kuzunguka inatoa sauti ya kugonga;
- programu ya kupima RAM iitwayo MemTest86 inaonyesha makosa RAM ikiwa kwenye kasi yake ya kawaida, bila EXPO wala XMP;
- kila kipande cha RAM, kikiwa peke yake kwenye sloti sahihi, bado kinaishia kwenye taa ya DRAM.

Nenda na risiti, boksi, picha za skrini na ile karatasi ya vipimo. Muuzaji anaweza kubishana na malalamiko ya "inachelewa tu", lakini ni vigumu kubishana na namba na picha.

Anza leo jioni: saa ya simu, karatasi, na kuwasha mara tatu. Badilisha jambo moja, pima tena, na usitoe fedha kwa kipuri chochote mpaka vipimo vyako mwenyewe vikuonyeshe kwamba hicho ndicho kinachokuchelewesha.